Maua ya vyungu na vikapu msimu wa masika: dalili, chanzo na la kufanya

Mvua za kwanza za Machi zikishanyesha Dar es Salaam, wauza miche wa kandokando ya barabara hupanga vinka, pitunia, potulaka na bogonvilia hadi ukingoni mwa lami. Watu hurudi nyumbani na miche kwenye buti la gari, wengine wameipakata kwenye bodaboda. Ni wakati mzuri wa kupanda: jua limepungua ukali, hewa ina unyevu, mche haukauki kabla haujashika. Halafu inafika katikati ya Aprili, simu zinaanza kuingia.

Nina kitalu kidogo cha maua uani, na ninaowauzia miche ndio hao hao wanaonirudia na malalamiko. Malalamiko yenyewe si mengi, ila yanajirudia kama kiitikio cha taarabu. Nimeyapanga hapa kwa dalili. Ndani ya kila dalili nimeanza na chanzo ninachokikuta mara nyingi, kile cha nadra nikakiacha mwisho, nawe ufuate mpangilio huo huo. Wengi wanaonipigia huwa wameshanunua dawa ya wadudu kabla hawajachomeka kidole kwenye udongo, na hela hiyo imepotea.

Kwanza kabisa: kidole, uzito, tundu

Chomeka kidole cha shahada kwenye udongo hadi kiungo cha pili. Juu pakavu na ndani pabichi maana yake maji bado yapo, usimwagilie. Kisha inua chungu au kikapu kidogo tu, usikie uzito. Chepesi kina kiu, kizito kimejaa. Ukifanya hivyo kila siku kwa wiki moja mkono unazoea, na baada ya hapo hutahitaji kidole tena. Mwisho kiinamishe utazame chini: je, tundu lipo, na je, lipo wazi?

Majibu ya hayo matatu yawe tayari kichwani kabla hujasoma zaidi, kwa sababu dalili moja inaweza kuwa na vyanzo viwili vinavyopingana.

Ua limenyauka na udongo umelowa

Hili ndilo linaloongoza masika. Majani yamelegea kama ya mmea wenye kiu, mwenyewe anaongeza maji, kesho yake hali inazidi. Mizizi hutegemea hewa iliyomo kati ya chembe za udongo. Mvua ikipiga siku tatu nne mfululizo na maji yakakosa pa kutokea, hewa hiyo inaisha, mizizi inaanza kuoza, na mzizi uliooza haunyonyi maji hata ukiwa umezama ndani yake. Mmea unakufa kwa kiu huku umesimama kwenye maji.

Anza na tundu. Mwaga lita moja ya maji. Ndani ya dakika moja hivi yanapaswa kuanza kuchuruzika chini. Yakituama juu, zibua kwa chini ukitumia kijiti cha mshikaki. Vyungu vingi vya plastiki vya dukani vina alama za matundu ambazo hazijatobolewa, mtu akaona duara akadhani ndilo tundu. Ndoo za rangi hazina hata hiyo alama. Pasha moto kipande cha nondo, utoboe matundu manne au matano ya upana wa sentimita moja, ukiwa nje penye upepo maana moshi wa plastiki si wa kuvuta. Chungu cha saruji usikigonge kwa msumari na nyundo, kitapasuka. Kipeleke kwa fundi mwenye mashine ya kutobolea.

Tundu likiwa zima, tazama sahani. Sahani iliyojaa maji ya mvua ni sawa na kuziba tundu. Wakati wa masika mimi huziondoa zote za nje na kuviinua vyungu juu ya vipande vya matofali.

Kisha tazama juu. Chungu kilichokaa kwenye mchirizi wa bati kinapokea maji ya paa zima. Kisogeze hatua mbili, mara nyingi hilo peke yake linatosha.

Vyote hivyo vikiwa sawa, tatizo ni udongo wenyewe. Udongo wa kuchimba uani, hasa ule wa mfinyanzi, ukiwa shambani hauna shida, lakini ukifungiwa ndani ya chungu unashindiliwa na mvua mpaka unakuwa tofali. Mchanganyiko wangu ni makarai mawili ya udongo mweusi uliochanganywa na mboji iliyoiva, karai moja la mchanga wa mtoni, na karai moja la makapi ya mpunga au makumbi yaliyochambuliwa. Mchanga wa baharini usiuguse.

Hapa nitagombana na mafundi wa zamani: kuweka kokoto chini ya chungu hakusaidii maji kutoka. Maji hayashuki kutoka kwenye udongo laini kuingia kwenye kokoto hadi udongo ulio juu yake ushibe kabisa. Ukijaza kokoto robo ya chungu, lile tope lililokuwa likae chini kabisa sasa linakaa robo ya chungu juu zaidi, karibu na mizizi. Kigae kimoja juu ya tundu, kuzuia udongo usimwagike, kinatosha.

Kama umerekebisha yote na ua bado limelegea, ling'oe taratibu utazame mizizi. Mzizi mzima ni mweupe au wa rangi ya maziwa, mgumu kidogo. Uliooza ni wa kahawia, unateleza, una harufu, na ukiuvuta ganda linatoka na kubakiza kitu kama uzi. Uozo ukiwa chini ya nusu, kata sehemu mbovu kwa kisu safi, punguza na majani ya juu, hamishia kwenye chungu kidogo chenye mchanganyiko mpya, weka kivulini siku nne tano bila mbolea. Ukizidi nusu, usijisumbue na mizizi. Chukua vipande vya juu vilivyo vizima uvichomeke upya. Impatiensi na kolasi hushika upesi, bogonvilia huchukua wiki kadhaa, ila nayo hukubali. Udongo wa zamani umwage mbali na vyungu vingine, na chungu ukisugue kwa dawa ya klorini ya kufulia, sehemu moja kwa sehemu tisa za maji.

Vinka inahitaji neno la peke yake. Watu huinunua kwa sababu haiogopi jua, na ni kweli. Lakini mvua ya mfululizo huiletea uozo wa shina unaosababishwa na vimelea wanaosafiri na maji: shina linakuwa jeusi kuanzia chini au kwenye maungio, tawi linalala, kisha mmea mzima. Ondoa mche ulioshikwa siku hiyo hiyo, usingoje uone kama utapona. Vinka ya masika kaa nayo chini ya ukingo wa paa.

Kuna chanzo kimoja cha nadra ambacho ni kibaya kuliko vyote: mnyauko bakteria. Mmea unanyauka mchana majani yakiwa bado ya kijani, usiku unajikusanya, baada ya siku chache hauinuki tena. Kata kipande cha shina karibu na mizizi, kishike kining'inie ndani ya glasi ya maji safi kwa dakika chache. Ukiona ute mweupe unashuka kama uzi wa moshi, ndio wenyewe. Hauna dawa. Pitunia ni ndugu wa nyanya na pilipili, kwa hiyo udongo huo usiumwage kwenye bustani ya mboga.

*Simama hapa:* vyungu vitatu vinne vikianguka wiki moja kwa namna moja, acha kupulizia dawa za kubahatisha. Tia mmea mmoja mzima, pamoja na mizizi yake, kwenye mfuko wa plastiki umpelekee afisa ugani wa kata yako. Wa mjini nao wapo, ingawa wengi hatuwakumbuki.

Kikapu kimekauka huku mvua inanyesha

Mwaka mmoja wa mvua kubwa, barabara zimejaa maji na watu wanavushwa kwa mkokoteni, nilipoteza vikapu viwili vya impatiensi kwa kiu. Vilikuwa barazani, mita moja tu kutoka kwenye mvua. Nilikuwa nimezoea mlio wa mvua kwenye bati kiasi kwamba sikushika bomba wiki nzima.

Ndicho chanzo cha kwanza: paa. Kikapu cha barazani hakipati mvua, au kinapata ya upepo upande mmoja tu. Kiinue. Kikiwa chepesi, kina kiu, hata kama nje kuna dimbwi.

Chanzo cha pili kinawadanganya hata wazoefu. Mboji na makumbi yakikauka kabisa huanza kukataa maji. Unamwagilia juu, maji yanapita pembeni kati ya udongo na ukuta wa kikapu, yanachuruzika chini, nawe unaridhika kwamba kimeshiba. Chomeka kidole katikati utakuta vumbi. Dawa yake ni beseni: kitumbukize kikapu kizima kwenye maji nusu saa, mpaka mapovu yaache kutoka, kisha kining'inize kichuruzike. Tone moja la sabuni ya vyombo kwenye maji hayo husaidia udongo mgumu kulainika.

Cha tatu ni msongamano. Mtu anataka kikapu kijae siku ile ile, anabana miche minane kwenye kikapu cha sentimita 30. Baada ya wiki sita ndani kuna mizizi mitupu, na udongo wa kushika maji haupo. Minne au mitano inatosha, na iliyoshabanana ipunguze kwa kung'oa mmoja au miwili.

Cha nne ni upepo. Masika yakielekea kuisha kusi huanza kuvuma, na kikapu kinapigwa pande zote, hata chini. Kikapu cha waya kilichotandikwa makumbi matupu hukauka kwa siku moja. Tandika ndani karatasi ya nailoni iliyotobolewa matundu machache upande wa chini, halafu ndipo udongo. Na usisite kukishusha kikapu sakafuni siku za upepo mkali.

Majani yanageuka njano

Tazama ni majani yapi. Hapo ndipo jibu lilipo.

Yakianza ya chini, yakawa njano sawasawa na kudondoka, na kidole kinasema udongo si tope, mvua imeshusha naitrojeni yote nje ya tundu. Chungu cha nje kinaoshwa rutuba kila inaponyesha. Toa mbolea ya NPK (naitrojeni, fosforasi na potasiamu) kidogo: kijiko cha chai kimoja kisicho na kilima kwa ndoo ya lita 10 ya udongo, nyunyiza mbali na shina, kila baada ya wiki tatu au nne. Mbolea hiyo isimwagwe kwenye udongo mkavu wala kwenye mmea ulionyauka, itaunguza mizizi. Urea iache kwa wenye mahindi.

Yakiwa njano ya juu, yale machanga, huku mishipa imebaki ya kijani, mmea unakosa chuma, na mara nyingi chuma kimo kwenye udongo ila hakichukuliki kwa sababu ya chokaa. Pwani yetu imekaa juu ya mawe ya matumbawe, kwa hiyo maji ya visima vingi yana chokaa. Vyungu vipya vya saruji navyo hutoa chokaa. Loweka chungu kipya cha saruji wiki moja au zaidi ukibadilisha maji kabla ya kupanda. Kwa ua lililokwisha kupandwa, badili maji: tumia ya mvua mpaka majani mapya yatoke ya kijani.

Njano ya upande mmoja ni ukosefu wa mwanga. Geuza chungu.

Majani tele, maua hakuna

Mwanga kwanza. Watu hukisia mwanga kwa macho, na macho ya binadamu hayaaminiki kwenye hili: baraza linaloonekana jeupe kwetu ni giza kwa potulaka. Hesabu saa ambazo jua lenyewe linagusa majani. Potulaka, vinka, bogonvilia na waridi yanataka saa tano sita. Siku za mawingu ya Aprili saa hizo hazipatikani, kwa hiyo ukame wa maua wa wiki mbili tatu wakati huo si ugonjwa.

Impatiensi ndiyo kinyume. Ni ua la kwetu, la vivuli vya misitu ya Afrika Mashariki. Mbegu zilitumwa Uingereza kutoka Zanzibar, na mwaka 1882 mtaalamu wa mimea Joseph Hooker aliliita Impatiens sultani kwa heshima ya Sultani wa Zanzibar. Siku hizi wataalamu wanalihesabu kuwa moja na Impatiens walleriana. Leo tunaliuziana kama ua la kizungu na kuliweka juani linyauke. Lirudishe kivulini, penye jua la asubuhi tu, litachanua mwaka mzima.

Chanzo cha pili ni samadi ya kuku. Imejaa naitrojeni, mmea unanenepa majani na kusahau maua. Acha kuongeza, na ukirudi kwenye mbolea chagua yenye fosforasi na potasiamu nyingi zaidi. Samadi mbichi ndiyo kabisa: inaunguza na kuvuta nzi. Iache miezi kadhaa iive.

Cha tatu ni maua yaliyokufa kuachwa mmeani. Pitunia ikishafunga mbegu inaona kazi imekwisha. Kata ua pamoja na kikonyo chake.

Bogonvilia ni kiburi cha aina yake. Ukiipa maji na mbolea, inakupa miiba na majani. Ikikaukiwa kidogo na mizizi ikibanwa na chungu, ndipo inapojipamba. Inyime maji mpaka majani yaanze kulegea kidogo, ndipo uipe, na usiihamishie kwenye chungu kikubwa kila mwaka. Chini ya mvua za Aprili huwezi kuilazimisha, subiri Juni. Pitunia nayo, kwa uzoefu wangu, ni ua la Juni hadi Agosti hapa pwani. Iliyopandwa Machi hujaa majani ya kunata na kuoza vitumba. Ukiambiwa vingine na muuza miche, kumbuka anauza.

Ncha za majani zimeungua, chungu kina ukoko mweupe

Chumvi. Dar es Salaam na miji mingi ya pwani tunamwagilia kwa maji ya kisima, na maji ya visima vingi yana chumvi inayosikika ulimini. Kila ukimwagilia, maji yanapaa na chumvi inabaki. Vyungu vya nje huoshwa na masika, lakini vile vya barazani havioshwi, ndiyo maana utakuta ua la uani zima na ndugu yake wa barazani ameungua ncha.

Osha udongo: kiweke chungu mahali maji yanapoweza kutoka, mwaga polepole maji ya mvua ambayo ni mara mbili ya ujazo wa chungu. Chungu cha lita 10 kinataka lita 20. Futa ukoko wa juu pamoja na sentimita moja ya udongo. Masika ndiyo wakati wa kukinga maji. Acha mvua ya kwanza ioshe vumbi na kinyesi cha ndege kwenye bati, kinga inayofuata, na funika pipa.

Chanzo kingine ambacho wengi hawakidhanii ni makumbi. Zanzibar na kwingineko pwani, makumbi hufukiwa kwenye matope ya ufukweni miezi kadhaa ili yalainike kwa kusokota kamba. Yale yanayobaki yakiuzwa kwa ajili ya maua huja na chumvi ya bahari. Yaonje kwa ncha ya ulimi. Ukisikia chumvi, loweka siku nzima, mwaga, rudia mara tatu.

Kama maji hayana chumvi na makumbi ni safi, umezidisha mbolea. Kuosha ni kule kule.

Miche imelala usiku mmoja

Uliotesha mbegu kwenye trei, jana ilikuwa imesimama, leo imelala na shina limekonda kama uzi pale linapogusa udongo. Ni kinyausi. Miche hiyo haiponi. Ondoa iliyolala na udongo unaoizunguka, sogeza trei penye hewa, mwagilia asubuhi kwa chini tu. Safari ijayo otesha kwenye mchanganyiko mpya na upande mbegu kwa nafasi.

Madoa, unga, wadudu

Geuza jani kabla ya kununua chochote, kwani karibu wote hukaa chini yake. Vidukari hujikusanya kwenye machipukizi, inzi weupe huruka kama majivu ukitikisa, vidung'ata ni kama vipande vya pamba kwenye maungio. Utitiri huonekana kama vumbi lenye utando mwembamba, nao hupenda ukavu, kwa hiyo utaukuta kwenye vikapu vya barazani na si vile vinavyonyeshewa. Hapo tayari una jibu nusu: maji. Pulizia kwa bomba chini ya majani siku tatu mfululizo.

Wakibaki, changanya kijiko kimoja cha chai cha sabuni laini ya maji kwenye lita moja, jaribu kwenye jani moja, ngoja siku nzima, kisha pulizia jioni jua likishazama. Rudia baada ya siku tano hadi saba, maana mayai hayafi kwa sabuni. Vidung'ata futa kwa pamba yenye spiriti.

Unga mweupe juu ya majani ni ubwiri unga: punguza majani, pitisha hewa. Matundu makubwa yanayoonekana asubuhi ni kazi ya konokono. Toka usiku na tochi, okota kwa glavu, usiwaguse kwa mkono mtupu. Madoa meusi ya mviringo kwenye waridi hutokana na majani kulala yamelowa, na masika hayazuiliki, kwa hiyo okota yaliyodondoka na uvumilie.

*Simama hapa:* dawa iliyopimwa kwenye chupa ya soda, haina lebo, usiilete nyumbani hata kwa bei ya bure. Viuatilifu halali husajiliwa na Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu, na lebo inaonyesha kipimo na mavazi ya kujikinga. Mtu akishika dawa kisha akatokwa jasho na mate mengi, akatapika, mboni za macho zikawa ndogo, au akapumua kwa shida, mvue nguo zilizolowa, mwoshe kwa maji na sabuni, usimtapishe wala kumpa maziwa, mkimbize hospitali na chupa yenyewe. Tahadhari hiyo ya hospitali inahusu pia mtoto aliyetafuna waridi la jangwani, ambalo utomvu wake ulitumika kwenye sumu ya mishale, au vinka, au yungiyungi lolote la mapambo usilolijua.

Mbu wameongezeka tangu maua yaje

Si maua, ni sahani. Mbu aina ya Aedes anayeeneza homa ya dengue hutaga kwenye maji machache yaliyotulia, na kwenye joto letu yai hufika kuwa mbu kwa siku saba hadi kumi. Dar es Salaam ilipata mlipuko wa dengue mwaka 2014 na tena 2019, kwa hiyo hili si la kulipuuza. Kumwaga maji peke yake hakutoshi, kwa sababu mayai hung'ang'ania ukingo na hustahimili ukavu kwa miezi. Sugua sahani kwa brashi mara moja kwa wiki, au ijaze mchanga mpaka ukingoni ili pasiwe na maji ya wazi. Tazama na pipa la kukingia, na vile vyungu vitupu ulivyovirundika nyuma ya nyumba. Mtu wa nyumbani akipata homa kali ya ghafla na maumivu ya viungo, apimwe, na asimeze aspirini wala ibuprofeni kabla ya kuonana na daktari.

Kikapu kimeanguka, au ndoano inacheza

Kikapu cha sentimita 30 hubeba kama lita saba za udongo. Kikiwa kikavu unakiinua kwa mkono mmoja. Kikilowa chepechepe kinafika kilo nane hadi kumi, na upepo unakitikisa. Ndiyo maana vinaanguka Aprili, wakati vilipofungwa Februari vilionekana imara.

Mara nyingi ndoano imefungwa kwenye jipsamu. Gonga dari kwa kifundo cha kidole: mlio wa uwazi maana yake nyuma hakuna kitu. Ndoano inatakiwa iingie kwenye mbao ya kenchi, au kwenye zege ikiwa na plastiki ya skrubu ya kipimo chake. Inayofuata ni kutu. Nyumba za karibu na bahari, waya wa kawaida huliwa na hewa ya chumvi haraka sana, na unaliwa kwa ndani ya pindo usipopaona. Pindua, kwaruza, ukiona magamba badilisha. Kamba za plastiki nazo hupukutika kwa jua. Zikianza kuacha unga mkononi, zimekwisha.

Kipimo changu ni ndoo ya lita 20 iliyojaa maji. Itundike kwenye ndoano siku nzima, mahali pasipopita mtu. Ikibaki pale pale bila nyufa kuzunguka skrubu, kikapu kitakaa.

*Simama hapa:* usitoboe juu au chini ya swichi, soketi au taa bila fundi umeme kukuonyesha nyaya zinapopita. Ukiona cheche au taa zikazimika wakati wa kutoboa, usiguse mashine wala ukuta, zima umeme kwenye swichi kuu kama unaifikia pakiwa pakavu, kisha mpigie fundi. Zege la baraza likiwa na ufa wenye madoa ya kutu au nondo imetokeza, hapo si pa kutundika wala kupanga vyungu vizito. Mwambie mwenye nyumba alete fundi ujenzi, na kwa sasa shusha vyote chini. Na ukiwa ghorofani, ning'iniza kikapu upande wa ndani wa vyuma vya baraza, hata kama jua la nje ni zuri zaidi, maana chini kuna watu wanapita.